Mafunzo Niliyopata kwa Kuitunza Peugeot 504 Kenyenya

Kenyenya ni mji wa Probox. Simama kituoni asubuhi utaziona zikipakia mpaka dereva anakalia nusu ya kiti chake, buti limefungwa kwa kamba juu ya mikungu ya ndizi, zote zikigombania abiria wa Ogembo na Kisii. Mimi hupita katikati yao na Peugeot 504 saluni ya rangi ya maziwa, yenye nambari ya usajili iliyotolewa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwaka 1989. Makanga hunipisha kwa heshima iliyochanganyika na kejeli: "Mzee wa Pijo, pita!" Wazee nao huuliza ni ya nani, kisha huuliza inakula mafuta kiasi gani, kisha huanza kusimulia, maana wengi wao walienda Nairobi mara ya kwanza wakiwa wamebanana ndani ya steshenwagoni ya Peugeot.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Gari hili nililinunua kutoka kwa familia ya mkaguzi wa shule wa zamani, na nimekaa nalo muda wa kutosha kujua linapenda nini na linachukia nini. Vijana wa hapa huniuliza kama nao wanunue gari kubwa la zamani badala ya kukopa pesa za gari dogo la Kijapani. Sijawahi kuwajibu ndiyo wala la. Huwa nawaambia haya.

1. Mtafute fundi kabla ya kulitafuta gari

Hata kabla ya kukubaliana bei, nilienda mjini Kisii, upande wa Daraja Mbili, kumtafuta mtu aliyezoea 504. Niliyempata alijifunza kazi kwenye steshenwagoni za abiria, enzi ambazo gari likirudi usiku na kelele kwenye gia lazima litengenezwe usiku huohuo ili alfajiri liondoke tena. Sheria za usalama wa matatu, maarufu kama sheria za Michuki, zilipoanza kutumika Februari 2004, mikanda na vidhibiti mwendo vikawa lazima. Steshenwagoni za Peugeot zilikuwa zimeshaanza kutoweka. Wateja wa fundi walipungua, lakini alichokijua hakikupungua.

Nilimleta nyumbani kwa muuzaji. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya injini kuhakikisha ni baridi. Muuzaji mjanja huliwasha gari mapema ili mteja asione jinsi linavyosumbua kuamka. Akafungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akanusa. Akafungua kifuniko cha oili na kutazama ndani yake kama kuna utando mweupe, dalili kwamba maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Akainua upande wa nyuma kwa jeki, akalizungusha gurudumu mbele na nyuma kwa mkono, polepole, sikio likiwa karibu na difu. Ndipo akasema, "Haya, Mwalimu, washa." Injini ilipotulia aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake sikioni, akahama kutoka silinda moja hadi nyingine bila kusema neno.

Rangi hakuitazama kabisa. Nilipomwonyesha mahali ilipobanduka mlangoni, alinijibu, "Hiyo utaambiwa na majirani, Mwalimu. Mimi niulize chuma."

Kama mahali unapoishi hakuna mtu wa namna hii ambaye unaweza kumfikia kwa nauli ya kawaida, usinunue. Hata ukipewa bure, usichukue.

2. Nguvu ya gari hili haiko kwenye sifa za mbio

Kila mzee anayeliona atakutajia Safari Rally. Ana haki. Peugeot 404 ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1975 Msweden Ove Andersson alishinda akiendesha 504, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Hapo ndipo jina lilipokolea Kenya: gari lililovumilia matope ya mbio za Pasaka litashindwaje na barabara ya Magenche?

Lakini gari la mbio hufuatwa na gari la spea na mafundi wa kulipwa. La kwangu hufuatwa na watoto. Kinachoniweka barabarani ni kitu ambacho hakionekani: jinsi injini ilivyobuniwa ili ifunguliwe.

Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likichorwa kwa ushirikiano na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 likapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Injini zake za petroli, ya sentimita 1,796 za ujazo na baadaye ya 1,971, zina bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu. Ndani ya bloku hiyo silinda hazikutobolewa moja kwa moja kwenye chuma kama ilivyo kwa magari mengi. Kila silinda ni bomba lake, mafundi huliita "laina", linalotumbukizwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji. Silinda zikilika, hutafuti mashine ya kutoboa upya, na bloku haiendi Nairobi. Unachomoa laina nne na pistoni zake nne, unaweka seti mpya, na kwa upande huo injini inakuwa kama iliyotoka kiwandani. Kazi hiyo inaweza kufanyika chini ya mwembe, na nimeiona ikifanyika chini ya mwembe.

Haimaanishi kwamba ni kazi ya kubahatisha. Laina ikishakaa mahali pake lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote nne kwa kipimo kinachokaribiana, ili gasketi ya kichwa ibanwe sawasawa. Ikizama moja tu, gasketi itaungua pale. Chini nako kuna pete ya kuziba maji. Ikikunjika wakati wa kuingiza, maji yatashuka kwenye sampu na wiki ijayo utakuwa na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Fundi wangu hupima kwa rula ya chuma na vipande vyembamba vya kupimia nafasi, anapima tena, kisha anamwita mwanafunzi wake apime bila kumwambia yeye amepata ngapi. Wakitofautiana, wanaanza upya. Sijui ofisi nyingi za serikali zinazokagua hesabu zake kwa uangalifu huo.

Ufaransa iliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, baada ya hapo Afrika ikaendelea. Hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nigeria vilevile. Ndiyo maana bado kuna laina na pistoni za kununua.

3. Angalia feni kabla ya kuangalia mlima

Ukitoka bonde la Mto Gucha kuja kwetu unapanda, na ukishapanda unapinda, kisha unapanda tena. Kisii yote ni hivyo. Kichwa cha aluminiamu hakisamehe joto. Kikipindika, kinapelekwa kusagwa kwenye mashine, na hakiwezi kusagwa mara nyingi kabla ya kwisha unene.

Peugeot hizi zina ufundi ambao magari mengi ya wakati wao hayakuwa nao. Feni huendeshwa na mkanda lakini haizunguki wakati wote. Katikati yake kuna sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi hupeleka umeme, sumaku hushika, feni inazunguka, maji yakipoa inaachia. Injini hupata moto haraka asubuhi na haipotezi nguvu kuzungusha feni isiyohitajika. Udhaifu wake ni brashi ndogo ya kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku. Ikilika, feni haishiki, na dereva anagundua akiwa katikati ya mlima nyuma ya lori la majani chai.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa: walifunga feni kwa boliti izunguke daima. Ukinunua 504 Kenya, kuna uwezekano mkubwa utaikuta imefungwa hivyo. Fundi wangu alitaka kuiacha. Mimi nilitaka irudi kama ilivyobuniwa, tukabishana, nikashinda kwa sababu mimi ndiye mwenye pesa. Brashi ilipatikana, swichi ikapatikana, na sasa feni hushika na kuachia. Hata hivyo ndani ya buti kuna boliti na spana ya saizi yake. Fundi ndiye aliyeziweka, na sijamwambia azitoe.

Maji ya mtoni usitie. Yana udongo, na udongo hutulia chini ya laina zilezile nilizozisifu. Tia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, hata kama hapa hakuna baridi ya kugandisha.

4. Saluni na pikapu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali

Utaambiwa spea za 504 zimejaa kwa sababu pikapu zake bado zinabeba mawe na mbao kila mahali. Ni kweli nusu. Sehemu ya mbele inafanana vya kutosha. Nyuma ni ukoo mwingine: pikapu ina ekseli nzima juu ya springi za mabamba, steshenwagoni ina ekseli nzima juu ya springi za duara, mbili kila upande, ilhali saluni nyingi, pamoja na yangu, magurudumu ya nyuma hujitegemea kila moja. Na hata saluni zenyewe hazilingani. Zile za daraja la L, za bei nafuu, zilikuwa na ekseli nzima. Injini nazo zilikuwa za ukubwa tofauti, na pistoni ya pikapu ndogo haitaingia kwenye yako kwa maombi.

Kwa hiyo unapoenda Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wenye umri wangu bado wanakuita Grogan, usiende na jina la kitu. Nenda na kitu chenyewe, kimeoshwa, ndani ya mfuko. Kiweke kwenye kaunta kando ya kipya, pima kwa kidole, hesabu meno, linganisha matundu ya boliti. Muuzaji anayekasirika ukifanya hivyo amekusaidia kujua duka la kuondoka. Kama huwezi kusafiri, kabidhi kile cha zamani kwa dereva wa matatu unayemwamini pamoja na nambari ya simu ya duka. Kimenirudia hivyo mara nyingi, kipya na cha zamani ndani ya mfuko mmoja.

Na kile cha zamani usitupe. Fundi huchonga bushi kutoka kwa mpira wa tairi la lori akiwa na mfano. Bila mfano anakisia.

5. Kwa binamu yangu Minnesota mambo ni kinyume

Minnesota ina Wakisii wengi kiasi kwamba harusi za huko zina wazee wa kusimamia mahari. Binamu yangu mmoja anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na gari lake ni Mercury Grand Marquis, saluni ya Kimarekani yenye injini ya V8 ya lita 4.6 na bodi iliyokaa juu ya fremu ya chuma kama lori. Ni ndugu wa Ford Crown Victoria, lile gari la polisi unaloliona kwenye filamu. La mwisho katika ukoo huo lilitoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, mwaka 2011. Tunapigiana simu kwa video kila mmoja akiwa mbele ya boneti iliyo wazi, na wake zetu wametuzoea.

Kwake spea ni rahisi kupata na mkono wa fundi ndio ghali. Anaagiza kitu leo, kesho kiko mlangoni, lakini saa moja ya gereji inaweza kumla mshahara wa zamu nzima. Basi amejifunza kufanya kazi mwenyewe kwenye maegesho, akiangalia video. Bomba la plastiki la kuingizia hewa juu ya injini yake lilipopasuka na kumwaga maji, ugonjwa unaojulikana sana kwa injini hizo za mwishoni mwa miaka ya 1990, alilibadilisha peke yake kwenye baridi. Kwangu mkono ni wa bei nafuu na spea ndiyo taabu, kwa hiyo hapa kitu kikiharibika hutengenezwa, kule kitu kikiharibika hubadilishwa. Fundi wangu alipoona kwenye simu binamu akitupa pampu ya maji nzima kwa sababu ya beringi, aliomba simu. "Omwana, hiyo si imekufa. Ni kukohoa tu." Binamu alicheka, lakini pampu alikuwa ameshaitupa.

Aliwahi kutaka kunitumia gari kama lake. Haiwezekani, na ni vizuri haiwezekani. Kenya haisajili magari yenye usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu, na gari lililotumika linaloingizwa nchini halipaswi kuzidi miaka minane. Isitoshe, Grand Marquis ina urefu wa mita 5.4 hivi na upana wa karibu mita 2. Peugeot yangu ni mita 4.49 kwa mita 1.69, na bado nikikutana na trekta kwenye njia ya kwenda bomani mmoja wetu lazima aingie kwenye majani chai.

6. Tope linaoza chuma polepole, lakini linaoza

Binamu ananionea wivu kwa jambo moja: hatuna chumvi. Barabara zao hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, na fremu ya gari lake inaliwa kwa chini. Kwetu ni udongo mwekundu. Hukaa kwenye mifuko ya chini ya milango na juu ya shoki za mbele, na kwa kuwa hapa mvua hainyamazi sana mwaka mzima, haukauki. Lala chini ya gari na bomba la maji kila baada ya masika. Chukua pini, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Mengine ni rangi, na rangi tumeshaambiwa ni ya majirani.

7. Kiti cha nyuma kikubwa kina wenyewe

Hakuna aliyenionya juu ya hili, na ndilo lililobadilisha maisha yangu kuliko laina na feni.

Gari dogo ni la mwenyewe. Gari lenye kiti cha nyuma kipana, lililo laini barabarani na lenye sura ya heshima, ni la ukoo. Bibi harusi hawezi kupanda Probox. Wazee wanaokwenda kujadili mahari Nyamira hawawezi kufika wakiwa wamepakatana. Mama mzazi anayetoka Hospitali ya Rufaa ya Kisii na kitoto anataka kulala kidogo. Na katika matanga, kabla ya mwili kutolewa mochari, lazima kuwe na gari la kubeba wajane na wakwe, na kila mtu kijijini anajua ni lipi.

Ombi haliji kama ombi. Mzee wa ukoo atakuja jioni, atakunywa chai yote, atauliza habari za shule na za ng'ombe. Akishika mlango ndipo atasema: "Mwalimu mwanangu, Jumamosi tutakwenda Bokimonge. Sisi hatuna wasiwasi, maana gari liko." Amesema gari liko. Hajasema lako.

Nimejifunza kutosema hapana na kutosema ndiyo tupu. Nasema, "Liko, baba. Mafuta yake nani ameyashika?" Swali hilo halina matusi. Linalipeleka jambo mahali linapostahili, kwa kamati, na kamati ya Kisii haikosi mweka hazina. Pili, dereva ni mimi au kijana niliyemfundisha mwenyewe, kwa sababu gia za gari hili ziko kwenye mkono wa usukani na dereva aliyezoea Probox atatafuta gia ya kwanza kwenye paja la mama mkwe. Tatu, gari la harusi na la matanga haliendi wiki hiyohiyo bila kukaguliwa breki, hata kama mbingu zinaanguka.

Kwa malipo ya wema huu nimepata kitu ambacho bima haitoi. Nilipokwama usiku kwenye tope upande wa Magenche, walikuja watu na kamba na taa kabla sijamaliza kupiga simu ya pili. Walilitambua kwa mlio.

8. Petroli

Linakwenda kilomita nane au tisa kwa lita, chini ya hapo milimani. Septemba 2023, bei ilipovuka shilingi 200 kwa lita, nilipanda Probox kwenda kazini kama watu wote na gari likabaki kwa ajili ya Jumamosi. Gari la zamani halifai kuwa gari lako la kila siku ukiwa na mshahara wa mwalimu. Nukta.

Wengine wataleta hadithi ya risasi, kwamba tangu petroli yenye risasi iondolewe mwishoni mwa 2005 injini za zamani zinakufa kwa vali kulika. Fundi hupima nafasi za vali kila anapobadilisha oili. Zimekuwa zikikaa pale anapoziacha.

9. Karatasi zizeeke vizuri pia

Kabla ya kulipa, linganisha nambari ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logibuku, herufi kwa herufi, kwa tochi. Magari ya zamani yamepitia vitabu vya mkono, taipureta na kompyuta, na kila hatua kulikuwa na karani aliyechoka. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi muuzaji akiwa hai na ana hamu ya pesa zako.

Bima ya kina sahau. Kampuni nyingi hazitaki gari la umri huo, utapewa ya mtu wa tatu. Polisi kwenye vizuizi si tatizo nililolitarajia. Wengi hunisimamisha ili nifungue boneti, na mmoja alinieleza kwa kirefu jinsi baba yake alivyoendesha 404, msururu wa matatu ukipiga honi nyuma yetu.

10. Ujuzi unazeeka kabla ya chuma

Fundi wangu amepita miaka 60 na magoti yamechoka. Vijana walio karibu naye ni hodari, ila ni hodari wa Probox: wanachomeka kifaa, kifaa kinasema ni kihisi gani kimekufa. 504 haina pa kuchomeka. Inataka mtu anayejua kwamba mlio wa namna hii unatoka kwenye kabureta na ule unatoka kwenye distribyuta.

Kwa hiyo nilianza kumlipa mwanafunzi wake, kijana wa huku kwetu, posho ndogo kila gari linapofunguliwa, kwa sharti kwamba mikono iwe yake na mzee akae kwenye kiti aseme tu. Mwanzoni mzee hakupenda kukaa. Sasa anapenda sana. Kijana ameshajua kupanga pointi za distribyuta, nafasi ya karibu milimita 0.4; mzee alimfundisha kwa kipimo cha chuma kwanza, kisha kwa karatasi ngumu, "maana ukikwama njiani utakuwa na karatasi."

Ugomvi uliopo sasa ni wao wenyewe. Kijana ameona kwenye simu yake kifaa cha elektroniki cha kuwekwa badala ya pointi, kisicholika wala kuhitaji kupangwa, na binamu wa Minnesota amejitolea kukituma na mtu anayekuja Desemba. Mzee hataki kukisikia. Anasema siku kitakapokufa hapo Ogembo usiku wa mvua, hakuna karatasi itakayokifufua. Kijana anasema pointi nazo hufa. Wote wawili wamenigeukia, nami nimemwambia binamu atume. Pointi za zamani zitakaa kwenye buti, kando ya ile boliti ya feni, na kijana ameambiwa ahakikishe kwamba waya za kurudishia pointi hazikatwi.